Mvivu ni nani? Saa za kazi, mali na mpaka wa Umba

Uzi mrefu huu. Weka chai karibu.

Kuna maneno hayakosi kwenye mijadala yetu ya siasa, uchaguzi uwe karibu au mbali: ati Pwani ni maskini kwa sababu watu wake hawapendi kazi. Mmoja akishasema hivyo, wa pili anatokea na kujibu kwamba shida si watu, shida ni mfumo, ubepari umetumaliza, tungefuata ujamaa kama majirani zetu leo tungekuwa sawa wote. Wa tatu anamcheka: ujamaa ndio uliowafunza majirani uvivu, si uwaangalie! Baada ya hapo ni matusi, na hakuna aliyejifunza kitu.

Kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tutazame historia tu. Na nataka tuitazame kutoka kwetu Vanga, kwa sababu sijui mahali pengine Kenya ambapo hoja hii inaweza kupimwa vizuri zaidi.

Vanga ndio mji wa mwisho wa Kenya ukishuka pwani. Kwa mashua, muda si mrefu uko Moa, Tanzania. Jasini watu huenda kwa miguu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, mstari wao ulianzia baharini hapa hapa, mlango wa mto Umba, ukapanda hadi Ziwa Victoria. Ndugu wa nyumba moja wakapata serikali mbili. Miaka themanini baadaye serikali hizo zikachagua njia mbili za uchumi. Watu wale wale, bahari ile ile, mvua ile ile, mfumo tofauti. Mtaalamu wa uchumi angelipa pesa nyingi apate jaribio kama hilo.

Lakini tuanze kabla ya mpaka, manake swali lenyewe ni kuukuu kuliko ubepari na ujamaa.

Karne ya 19 Vanga ilikuwa moja ya bandari ambako misafara ya kwenda bara ilianzia, pamoja na Tanga na Pangani. Uchumi wa pwani yote hii ulisimama juu ya mgongo wa mtumwa. Unguja na Pemba, kwenye mashamba ya karafuu, kulikuwa na desturi ambayo watu wengi hawaijui: mtumwa alimfanyia bwana wake kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake, alime kipande chake cha muhogo. Msikimbilie kusema huo ulikuwa utumwa wa huruma. Siku zile mbili ndizo alizojilishia, kwa hivyo bwana alipunguziwa gharama ya chakula. Ila tazameni jambo moja: hata katika utumwa, watu walikuwa wakivutana juu ya siku. Hii ni yangu, ile ni yako.

Mijini kulikuwa na aina nyingine. Mtumwa alikodishwa kwa kutwa, akibeba mizigo bandarini au akijenga, na ujira wake akagawana na bwana. Neno tunalotumia leo, kibarua, limetoka kwenye kazi ya kutwa ya namna hiyo. Ni barua ndogo, kikaratasi cha kuonyesha kwamba umefanya siku. Kwa hivyo kijana wa Ukunda anapoandika "natafuta kibarua", anatumia neno lililoanza maisha yake wakati mfanyakazi alikuwa ni mali ya mtu.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Pwani ya Kenya ilingoja hadi 1907. Fidia ilitolewa, naam, lakini walilipwa wenye watumwa. Waliofanya kazi hawakupata hata jembe.

Sasa hapa ndipo hadithi inaponoga. Mtu aliyekuwa akichapishwa kazi siku tano kwa wiki amekuwa huru. Anafanya nini? Wengi walilima chao, wakavua, wakaenda kibarua siku chache wanapohitaji pesa, kisha wakarudi makwao. Wenye mashamba na maofisa wa serikali hawakuamini macho yao. Malalamiko ya miaka ile yamejaa neno moja tu: wavivu. Mtu aliyeamua kwamba siku tatu za ujira zinamtosha, na nyingine ni za shamba lake na watoto wake, aliandikwa kwenye ripoti kama mtu mwenye kasoro ya tabia.

Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi za pwani. Aliyeweza kuleta ushahidi wa kumiliki akaandikiwa hati. Waliolima bila karatasi, wakiwemo watumwa walioachwa huru na Wamijikenda wengi, wakajikuta wako kwenye ardhi ya mtu. Neno "skwota" mnalolisikia kwenye kila kampeni ya Kwale na Kilifi halikuzaliwa juzi. Na angalieni inavyofanya kazi: ukimnyima mtu ardhi, zile siku zake mbili tatu za kujilimia zinakwisha zenyewe. Hana budi aje kwako.

Kodi ilifanya yaliyobaki. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na 1910 ikaongezwa ya kichwa. Sisi shuleni tulifunzwa kwamba kodi ilikuwa ya kuendesha serikali. Ilikuwa hivyo, lakini si hivyo tu. Tume ya kazi ya 1912 na 1913 ilipokaa kusikiliza masetla, wapo walioomba waziwazi kodi ipandishwe ili Mwafrika alazimike kutoka nyumbani kutafuta mshahara. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kipande, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, mwanamume anatembea na rekodi yake ya kazi kwenye kopo shingoni. Oktoba 1919 ukatoka waraka wa gavana ukiwataka maofisa na machifu "wawahimize" watu kwenda mashambani kwa wazungu. Kuhimizwa na chifu mwenye askari mnakujua kulivyo.

Na kwa nini jina la uvivu lilitugandama sisi wa Pwani zaidi? Maoni yangu ni haya. Mdigo alikuwa na mnazi. Alikuwa na nazi za kuuza, tembo la kuuza, boriti za mikoko, samaki. Kodi ikija, aliweza kuilipa bila kwenda kukata mkonge wa mtu. Alikuwa na pa kukataa. Mtu asiye na pa kukataa huitwa mchapakazi. Mwenye pa kukataa huitwa mvivu. Jina hilo lilitoka kwa aliyekosa vibarua, na sisi wenyewe, miaka mia baadaye, tunalirudia kwenye simu zetu kana kwamba ni sayansi.

Mombasa ilikuwa vivyo hivyo. Bandarini wenye kampuni walitegemea vibarua wa kutwa, na muda huo huo walilia kwamba hawa watu wakishapata pesa ya nusu mwezi hawaonekani. Januari 1947 mji ulisimama. Watu wapatao 15,000 waligoma kwa siku kumi na mbili, wa bandari, wa reli, wa hoteli, mpaka watumishi wa majumbani. Mshahara ukaongezwa kidogo. Lakini somo ambalo serikali ililichukua lilikuwa jingine: kibarua anayechagua siku zake ni hatari, hana bosi wa kumwogopa. Kwa hivyo katika miaka iliyofuata mkazo ukawa kuwasajili, kuwapunguza, kuwafanya watu wa mwezi. Kazi ya kudumu tunayoililia leo, wakati ule ilikuja ikiwa na kazi mbili ndani yake, kumpa mtu uhakika wa kula na kumfunga kwenye saa.

(Na saa yenyewe! Sisi tunaanza kuhesabu jua likitoka. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Hiyo ni saa ya mtu anayefuata jua na maji. King'ora cha bandari hakikujali jua wala maji.)

Tuvuke mpaka sasa.

Upande wa Wajerumani, mkonge uliletwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo aitwaye Richard Hindorf. Miche elfu moja ilitoka Florida, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai. Kutoka miche hiyo 62 likazaliwa zao lililokuja kuitawala Tanganyika nzima. Hata Jasini palikuwa na shamba la mkonge. Ndipo Waingereza walipopigwa na Wajerumani Januari 1915. Mashamba yalitaka watu wengi, wenyeji hawakuwa na hamu, basi watu wakaletwa kutoka mbali, kwa mkataba, kila mmoja na namba yake. Wakaitwa manamba. Wakenya mnaocheka, huyu si manamba wa matatu. Manamba wa mkonge alipewa kadi ya siku thelathini, na siku haikuhesabiwa kwa saa, ilihesabiwa kwa mafungu ya majani aliyokata. Mafungu yasipotimia, siku hiyo haikuwapo.

Kibarua, kipande, manamba. Barua, karatasi ya shingoni, namba. Sijui lugha nyingine ambayo maneno yake ya kazi yanasema wazi hivi kwamba kazi ilikuwa ni kuhesabiwa na mtu mwingine.

Uhuru ukaja, na hapa ndipo wajuzi wa mitandaoni hukosea sana. Wengi wanadhani Kenya ilitangaza ubepari na Tanzania ikatangaza ujamaa. La. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ambao ndio mama wa sera za uchumi za Kenya, una maneno "Ujamaa wa Kiafrika" kwenye jina lake! Nchi zote mbili zilisema ni za kijamaa. Tofauti ilikuwa ndani. Waraka wa Kenya ulisema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali ambapo zitazaa haraka, penye ardhi nzuri na mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Matunda yatashuka baadaye kwa wengine. Sisi wa Vanga bado tunatazama juu.

Hilo la "watu walio tayari" nalo mlisome polepole. Ni lile neno la zamani, limevaa suti.

Ng'ambo, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Benki, viwanda vikubwa, na baadaye mwaka huo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, vikawa mali ya umma. Hayo mnayajua. Lisilosemwa kwenye mijadala ni kwamba Azimio lilikaa chini likahesabu saa. Linasema wafanyakazi wa mshahara mijini wanafanya kama saa 45 kwa wiki, wiki 48 au 50 kwa mwaka, na kwamba kwa nchi maskini hizo ni saa chache. Kisha likaenda vijijini. Likasema wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu yeyote Tanzania, pengine saa kumi na mbili au kumi na nne kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Na wanaume wa vijijini? Wako likizo nusu ya maisha yao.

Yaani waraka wa kijamaa kabisa, unaochukiwa na mabepari, unalalamika jambo lile lile alilolalamikia setla wa 1912: wanaume wa Kiafrika hawafanyi kazi za kutosha. Tofauti ni kwamba setla alitaka saa hizo ziende kwake, na serikali ya ujamaa ilitaka ziende kwa taifa. Na lazima niseme haki: kuhusu wanawake, Azimio lilisema kweli ambayo setla hakuwahi kuiona. Nitarudi hapo.

Ujamaa ulifanya nini? Wanaosema haukufanya kitu hawajui wanachosema. Pengo la mishahara kati ya mkubwa wa serikali na tarishi lilipunguzwa sana. Shule za msingi zilifika vijijini, zahanati pia, watu wazima walifundishwa kusoma kwa mamilioni. Lakini saa za watu zilipata bwana mpya. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wengi bila hiari. Na 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi: mtu wa mjini asiye na kazi inayotambulika apelekwe kijijini akalime. Muuza karanga na mchoma mahindi wa Dar es Salaam, watu wanaoamka kabla ya adhana, wakaweza kukamatwa kama wazururaji kwa sababu kazi yao haikuwa kwenye orodha.

Msidhani hili ni la Tanzania peke yake. Urusi, siku chache tu baada ya mapinduzi ya 1917, ilitangaza siku ya kazi ya saa nane, ikazitangulia nchi nyingi tajiri. Mwaka 1940 nchi hiyo hiyo ilikuwa ikimfikisha mahakamani mfanyakazi aliyechelewa kazini zaidi ya dakika ishirini. Tangazo lilisema kiwanda ni cha wafanyakazi. Saa ya ukutani haikuwa yao.

Mkonge wa Tanzania ulianguka vibaya, kutoka zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 60 hadi chini ya 50,000 katikati ya miaka ya 80. Ukiwauliza wapenda soko, wanasema ni utaifishaji. Ukiwauliza wajamaa, wanasema ni kamba za plastiki zilizoua bei duniani. Ni vyote viwili, na mashamba yaliyozeeka juu yake. Lakini kabla mtu wa Kenya hajacheka, atazame upande wetu. Ramisi, kiwanda cha sukari kilicholisha Kwale kwa miongo, mali ya watu binafsi, katika nchi ya soko, kilifungwa 1988. Miwa ikakauka, watu wakatawanyika Mombasa na kwingine, na ardhi ile kubwa ikakaa karibu miaka ishirini kabla ya mwekezaji mwingine kuja, na kesi za ardhi zikaja naye. Mkata miwa wa Ramisi na mkata mkonge wa Tanga walifanya kazi zinazofanana, jua moja, chini ya mifumo miwili inayotukanana, na wote wawili waliambiwa warudi nyumbani. Hakuna aliyemiliki hata panga lake, sembuse shamba.

Wakati huo viongozi walikuwa wakirushiana vijembe. Kenya ikaitwa nchi ya mtu kumla mtu. Jibu likaja kwamba ng'ambo ni nchi ya mtu kutokula kitu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na ukabaki umefungwa mpaka 1983. Kwa Nairobi na Dar hilo lilikuwa suala la diplomasia. Kwa Vanga lilikuwa ni harusi usiyoweza kuhudhuria na maiti usiyoweza kumzika, labda upite njia za mikokoni usiku. Sabuni na mafuta ya kula vilipita njia hizo hizo. Wazee wakisimulia magendo ya miaka ile huwa hawasemi juu ya mfumo. Wanasema juu ya sabuni. Upande mmoja maduka yamejaa na pesa huna; upande wa pili pesa unazo na sabuni hakuna.

Basi tufanye hesabu ya miaka sitini. Nani alishinda?

Kwa pato la taifa, Kenya. Ukigawanya kwa kichwa, letu ni kama mara moja na nusu ya la Tanzania. Hapa wapenda soko wapige makofi, wana haki. Lakini pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho? Benki ya Dunia hulipima kwa kipimo cha Gini, sifuri maana yake wote sawa, mia maana yake mmoja ana vyote. Kenya mwaka 2021 ilikuwa 38.7. Tanzania mwaka 2018 ilikuwa 40.5. Nchi iliyosema usawa kwanza na nchi iliyosema ukuaji kwanza, leo ziko karibu pale pale, na aliyesema usawa yuko juu kidogo kwa pengo. Tanzania yenyewe iliacha njia ya Azimio tangu katikati ya miaka ya 80, kwa hivyo msiutumie huu kama ushahidi kwamba usawa hauwezekani. Utumieni kumnyamazisha yeyote anayesema jina la mfumo linatosha kujua watu wanaishi vipi.

Na saa? Hili ndilo ninalolipenda. Simama mpakani Lunga Lunga. Upande wetu, amri ya jumla ya mishahara inaruhusu wiki ya kawaida ya saa 52 kwa siku sita. Vuka hadi Horohoro, sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inasema wiki ya kawaida isizidi 45. Ndiyo, ile ile 45 ya Azimio. Azimio lililalamika kwamba ni chache. Nchi ikabadilisha kila kitu, ikauza viwanda, na saa 45 zikabaki kwenye sheria kama haki ya mfanyakazi. Tofauti ni saa saba kwa wiki. Kwa wiki 48 ni saa 336. Likizo ya mwaka nayo: kwetu siku 21 za kazi, kwao siku 28 mfululizo, ambazo ukizihesabu vizuri zinakaribiana.

Kwa hivyo Mkenya anafanya saa nyingi zaidi na ana pato kubwa zaidi. Fumbo limefumbuliwa? Nenda Ujerumani. Mfanyakazi wa kule kwa wastani hafikishi saa 1,400 kwa mwaka, na pato lake hata tusilinganishe. Mwaka 1930 mwanauchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, alitabiri kwamba ndani ya miaka mia watu wa nchi tajiri watafanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Hawajafika huko, lakini saa zao zimepungua sana tangu karne ya 19, na hazikupungua kwa sababu matajiri waliona huruma. Zilipunguzwa kwa migomo na sheria. Utajiri ulikuja kutokana na mashine, elimu, barabara, na pia, tusijifanye tumesahau, mkonge na karafuu za watu fulani. Saa nyingi ni alama ya umaskini mara nyingi kuliko kuwa dawa yake.

Tena hizo 52 na 45 ni za waliobahatika. Kenya zaidi ya watu wanane katika kumi wenye kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi. Mwendesha boda hana wiki ya saa 52. Ana deni la pikipiki.

Turudi nyumbani, kwa mvuvi, kwa sababu yeye ndiye mvivu maarufu kuliko wote. Mgeni akija Vanga saa nne asubuhi atakuta wanaume barazani, wengine wanalala, wengine bao. Anapiga picha, anaandika alichoandika. Hajui kwamba yule aliyelala alitoka usiku na maji, karudi alfajiri. Hajui bamvua wala maji mafu. Hajui kwamba kusi ikivuma chombo kidogo hakitoki, na kwamba hakuna kiasi cha bidii kitakachoishusha kusi. Mvuvi hafanyi saa chache. Anafanya saa ambazo mgeni amelala.

Lakini mali yake inapotelea wapi? Sogea pwani wakati wa mgao. Kwanza yanatolewa mafuta ya mashini na chakula. Kisha fungu la chombo, la mashini, la nyavu, na hayo huenda kwa tajiri. Kinachobaki wanagawana mabaharia, na nahodha anapata zaidi kidogo. Vipimo hutofautiana chombo kwa chombo, ila mpangilio ni huo. Tajiri huenda hakulowa hata unyayo. Sisemi ni mwizi. Nyavu kubwa ni pesa nyingi, na bahari ikivunja chombo hasara ni yake. Ninachosema ni kwamba baharia na tajiri hawatofautiani kwa bidii. Wanatofautiana kwa nani ana chombo. Baharia akiongeza saa, fungu la chombo linaongezeka pamoja naye. Na wengi hawawezi kununua chombo kwa sababu benki inataka hati ya ardhi, na hati ya ardhi tumeshaona ilikwenda kwa nani 1908.

Sasa mwanasiasa akija na suluhisho la "kubadilisha fikra za vijana", nawaomba mumpeleke kwenye mgao, asimame pale dakika kumi tu.

Niliahidi kurudi kwa wanawake. Pale pale pwani, mgao ukiisha, anaingia mama karanga. Ananunua samaki, mara nyingi kwa mkopo, anakwenda kukaanga, anauza mtaani mpaka usiku, na kabla ya yote hayo kesha chota maji, kesha lisha watoto. Azimio liliona hilo 1967. Kenya ilikuja kulipima rasmi kwa utafiti wa matumizi ya muda wa 2021: kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa huchukua asilimia 18.7 ya siku ya mwanamke na asilimia 3.6 ya siku ya mwanamume. Hiyo ni kama saa nne na nusu kwa dakika hamsini na kitu.

Si waraka wa 1965, si amri ya saa 52, si sheria ya saa 45, hakuna hata moja inayozihesabu. Mama anayetoka Msambweni kwenda kufua mashuka hotelini Diani, wiki yake ya saa 52 huanza akifika kwenye lango la hoteli. Ukijumlisha na zile saa nne na nusu kila siku, kwa wastani tu huo wa nchi nzima, anafika 83 na nusu. Na hapo sijahesabu matatu ya kwenda na kurudi.